Ufunguo wa Siku Arobaini

Bălți, Jumanne baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Parascovia,

Salamu nyingi, na pole kwa goti lako. Natumaini kuku wameanza kutaga na shemeji ameacha kugombana na jirani kuhusu kisima. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama.

Nyumba yetu ya kuwauguza wanawake waliouzwa ina wageni sita sasa. Utaratibu wetu unaujua: anayeingia na arosto, yale maumivu ya kukosa unga wa kulevya, hutia saini mwenyewe kwamba asifunguliwe mlango kwa siku arobaini, hata akilia. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Asubuhi wananitukana, mchana wananicheka kwamba ugali wangu wa mamaliga unafaa kuziba nyufa za ukuta, kisha wanaumaliza. Nawapenda, dada.

Wiki sita zilizopita aliletwa Doina, mifupa mitupu. Nilimwogesha, nikamshika kichwa akitapika. Siku ya tisa nilimpelekea chai, nikamwambia anywe, amefika nyumbani. Akaweka kikombe chini. Akauliza kama maneno hayo nimeyakariri, maana ndiyo niliyompokea nayo Istanbul, kituo cha mabasi, na chai ilikuwa ya moto vilevile.

Nilikwambia kwamba nami niliuzwa, na ni kweli. Sikukwambia kilichofuata. Nilipokwisha kuzama kwenye unga, wakanituma kuwapokea wasichana wa kwetu, kwa sababu wakisikia lugha ya nyumbani hutulia. Niliwapa chai, nikachukua pasipoti zao. Kwa kila mmoja nilipewa kete moja ya unga. Walikuwa kumi na mmoja. Naona haya hata kuandika.

Doina hakupiga kelele. Alicheka, akasema, “Umenifungia mara mbili, bibi wewe, na mara zote mbili nimekushukuru!” Angetaka kuondoka, lakini muuza unga yuko pale kona, na mwili ulikuwa bado unamdai. Basi akataka ufunguo. Nikauvua, nikampa. Mkuu wetu, Mama Eufrosina, alidhani namfundisha kujitegemea, akanisifu mbele ya wote. Tangu siku hiyo hata nikienda kununua mkate namwomba Doina ruhusa. Mara nyingine ananiambia ningoje, nami nangoja.

Leo arobaini zake zimetimia. Anataka kutoka peke yake, na amesema akirudi tutakwenda polisi, mimi na yeye. Asiporudi, hakuna mwingine humu anayejua. Mungu anisamehe, nimeliwaza hilo tangu alfajiri. Ndiyo maana nimekuandikia. Sasa unajua wewe.

Msalimie shemeji na watoto. Mama yetu usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Barua hii anaipeleka Doina, na njia ya posta inapita pale kona. Atanifungia kwa nje. Ikikufikia, ujue aliipita ile kona.

Mdogo wako,
Zinaida