Maabara ya Kutundika Ukutani

Handeni,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje, na lile goti? Mimi mwili mzima, ila roho imevimba kwa hasira, na kwa kuwa hapa sina wa kumsimulia, utanibebea wewe. Dada, wewe unayemsomea mama, soma yote. Usiruke penye maneno makali.

Umeniuliza maabara yetu mpya imefikia wapi. Lo! Maabara. Chumba wazazi walikijenga, nilikwisha kukuandikia. Halafu, kwa kuwa siku hizi tunaambiwa tuchangie wenyewe, wakulima wa Sindeni na Mazingara wakatoa mahindi, wafugaji wakatoa madume, vikauzwa ili tupate vifaa vya sayansi. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, kumi na tisa, wana mtihani wa vitendo mwezi ujao, na hawajawahi kuchemsha hata maji darasani. Nikaandika orodha kwa mkono wangu, nikampa mwenyekiti wa bodi ya shule aende nayo Dar es Salaam.

Huyu mwenyekiti ana nyumba ya wageni pale njiapanda ya Segera. Tangu biashara huria iruhusiwe nchini amekuwa mtu wa kuvaa koti kwenye jua kali na kushuka garini polepole ili tumwone vizuri. Alirudi na kasha kubwa, tukalifungua mbele ya wazazi. Mama, humo hamna chupa, hamna kipimajoto. Mabati! Mabati membamba yanayong'aa, ishirini na mawili, yamechapwa picha za Wazungu wa kale wenye nywele za bandia, wanafanya majaribio. Mmoja kamfungia ndege ndani ya kioo, anamnyonya hewa. Mwingine kaning'iniza miguu ya chura. Kwenye bati jingine, makundi mawili ya farasi yanavuta tufe la chuma huku na huku, halifunguki. Eti kayaona kwenye duka jipya la mapambo ya nyumba, matajiri wanayagombania, naye akaona maabara yetu itapendeza.

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, na orodha yangu?"

"Mbona vyote vimo, mwalimu?" Akaanza kugonga bati kwa kidole. "Chupa hii hapa. Mizani hii hapa. Wewe fundisha, watoto wataangalia."

Kichwa chote kile, mama, na ndani hakuna kitu. Yule ndege angekufa humo hata bila kunyonywa hewa. Na wenzangu walimu wakapiga makofi! Mchana kutwa walipigilia misumari na kubishana kama chura akae juu ya mlango au karibu na dirisha. Watu wana digrii hao. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, ndiyo maana naandika kwa uchungu hivi.

Aliyeniamsha ni Mzee Parmet, mfugaji wa huko mbugani, baba wa mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aitwaye Naserian. Alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akapapasa bati la farasi, akanigeukia.

"Mwalimu, hii inapima nini?"

"Haipimi kitu, mzee. Inatundikwa tu."

"Kumbe nimetoa dume langu nikapewa picha ya mifugo ya mtu mwingine." Akasonya. Mama, lile sonyo lilinitosha.

Akaniuliza nilikuwa nahitaji nini hasa. Nikamwambia vikombe vya bati vya kuchemshia maji, koroboi za spiriti, vibanio, sahani za mizani. Akayaangalia yale mabati tena. "Kwetu mtu akitoa dume la sherehe, yeye ndiye anayeonyesha kisu kipite wapi," akasema. "Nipe mkaa." Akachora mistari juu ya nyuso za wale wataalamu bila hata kuwauliza majina. Kesho yake tuliyang'oa, yeye na wazazi wa Sindeni na mimi, tukayafunga kwenye gunia, nikapanda nayo basi hadi Korogwe kwa fundi bati wa sokoni. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Siku tatu tu, mama, nikarudi na maabara ndani ya gunia.

Sasa watoto wanachemsha, wanapima, wanaungua vidole, wanaandika. Naserian alipopata jibu lake la kwanza alilirudia mara tatu, hakuamini kama maji yanaweza kumjibu mtu vilevile kila anapoyauliza.

Mwenyekiti akaleta wageni waone mapambo. Akakuta misumari mitupu, na mezani kikombe kinatoka mvuke, ubavuni kina makalio ya farasi. Wageni wakacheka. Akaniita mharibifu, mshamba, adui wa maendeleo. Nikamjibu kwamba maendeleo yapo kwenye koroboi, aangalie asiungue koti.

Juzi akaja ofisini mwenyewe, anatabasamu. Kanipa bahasha. Uhamisho, mama. Tabora mjini, dakika kumi kutoka mlangoni kwako, ule niliouomba miaka sita na wewe ukauombea kila swala. Sharti niondoke ndani ya wiki hii. Anajua hapa hakuna mwalimu mwingine wa sayansi, na bila mwalimu wa kuandaa vitendo watoto hawatafanya mtihani. "Nenda kamwuguze mama," akaniambia, mtu ambaye hajawahi hata kuniuliza jina lako.

Nimemrudishia bahasha yake. Kaniapia kwamba maadamu yeye yupo, nyingine sitaiona, na mkono wake wilayani naujua. Nilimdharau vizuri nikiwa mbele yake. Nilipofika chumbani nililia.

Nisalimie dada na shemeji, mjomba wa Nzega, na shangazi anayekuchotea maji, mwambie Mungu ambariki kwa kufanya kazi iliyo yangu. Baba mdogo asinikasirikie mpaka asomewe barua hii yote.

Na kile chumba unachonifagilia kila Ijumaa, mama, mpangishe mtu.

Mwanao,
Tatu