Panga Ambalo Sikulipitisha Motoni

Jumamosi

Mgomba ulio karibu na tuta la mchicha umeanza kunyauka. Nimeukata kidogo shinani, ukatoa ute wa njano. Ni ugonjwa wa mnyauko, na naamini nimeuleta mimi.

Mwezi uliopita nilimsaidia jirani yetu, Mama Koku, kukata migomba yake iliyougua. Akanisindikiza nyumbani, akakaa kunitazama nikipunguza majani ya migomba yetu ili mchicha upate jua. "Haya msomi, tuone," akanitania. Nilijua panga hupitishwa motoni kwanza ili kuua vijidudu vya ugonjwa. Lakini kufanya hivyo mbele yake niliona ni kama kumwambia kibanja chake, shamba lake la migomba, ni kichafu. Nikaona aibu, nikakata tu kwa panga nililotoka nalo kwake.

Leo nilimwambia baba huenda ni ugonjwa. Akacheka. "Ni jua kali tu, mwanangu. Wewe na vitabu vyako." Akaupogoa kwa panga lile lile. Kesho baada ya ibada anataka kupogoa kibanja kizima, na sisi ndizi ndiyo chakula chetu, hatuna...

Nimelificha panga chini ya kitanda changu. Akiliulizia, sitakuwa na pa kukimbilia. Nitasema nililofanya.