Kura ya Kufumba Macho

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nivumilie tu, maana jambo hili limenikaa kooni. Mimi nilikulia penye chama kimoja, redio moja na picha ya mtu mmoja kila ukutani, hata kazi hii ya kupaka rangi nilipangiwa, nikaapa kwamba nyumba yangu itakuwa ya demokrasia, na kweli tunapigia kura kila kitu hadi mapazia, mke wangu na wanangu wananyoosha mikono sebuleni, mimi mwenyekiti nahesabu, na sijawahi kushindwa. Sasa binti yangu wa mwisho, miaka ishirini na miwili, anataka kuacha uhasibu akajifunze kutengeneza friji, karakana imeshampa na ovaroli, nikaitisha kura ya mama yake na kaka zake watatu, mama yake akasema, "Baba watoto, leo tufumbe macho, kila mtu awe huru," wakafumba, mimi nikaona mikono yote minne iko juu kumuunga mkono binti, nikatangaza, "Imekataliwa, watatu kwa mmoja." Binti akasema, "Kama wengi wamekataa, sawa baba," na kesho anarudisha ovaroli. Tangu hapo nyumbani hawatazamani usoni. Nisaidie, nani kawachochea?

Mwenyekiti wa Sebuleni

Marahaba, maana nimekuzidi.

Hakuna aliyewachochea, baba. Ni mara ya kwanza wanapiga kura bila kuona unavyowakodolea macho, basi. Uchaguzi wa mtu asiyeshindwa unaujua vizuri, si ndiko ulikokulia? Umeshusha picha ya yule, ukajitundika wewe.

Hofu yako naielewa, mzazi gani hataki mwanawe apate kazi ya kukaa kitini? Lakini ona ulichofanya. Kila mmoja humo ndani anaamini ule mkono mmoja ulikuwa wake na wengine wamemtosa binti. Siku wawili wakimnong'oneza, "Ni mimi niliyekuunga mkono," utaumbuka mchana kweupe.

Halafu, hata kura ingekuwa safi, mapazia ni ya wote, lakini kazi ya mtu mzima haipigiwi kura na kaka zake.

Leo hii, kabla ovaroli halijarudi, waite wote. Sema ulidanganya, sema walikuwa wanne kwa sifuri, na usijitetee. Binti akikuuliza kama sasa umemruhusu, mwambie ruhusa hiyo haikuwahi kuwa yako.