Mawe Tuliyoyajengea Msingi

Masanja mjukuu wangu, mume wangu,

Marahaba. Tupo, ila mvua imegoma na mama yako bado anakohoa.

Unauliza, wewe mkuu wa kompyuta chuoni, uuondoe mfumo wa zamani kabla mpya haujazoeleka? Kompyuta siijui. Ila kijiji chetu kilipoletewa mashine ya kusaga, wanawake tulifurahi mno, mawe yetu ya kusagia tukayajengea msingi wa nyumba ya hiyo mashine. Kisha dizeli ikakosekana kabisa. Bibi yangu, kibogoyo, akasema, "Basi nitafunieni, nyie wenye meno." Tukamtafunia mahindi. Hakufika mavuno.

Nina hofu tu, baba. Siku tuliponyoosha mikono kuikubali mashine, bibi hakuitwa mkutanoni.

Bibi yako, Mama Kabula