Maji ya Injini Mbili

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema na mtu mzima bila shikamoo, na barua nayo ni kusema.

Imepita miezi saba tangu tukuzike nyuma ya mikanju. Hanga la kukuomboleza lilikaa siku zake zote. Watu wa Dabaso walikuja, wa Malindi walikuja, wakalia, wakala, wakaenda zao. Mama yu mzima. Goti linamsumbua akiinama, ila kanisani hakosi. Ndugu yangu Karisa bado ni mpishi hotelini kule Watamu, na Jumapili akipata nafasi huja kututazama. Mimi niko hapa Gede, kinuni. Nimekaa juu ya gunia, karatasi iko mapajani, na injini zote mbili zinanguruma. Zote mbili, Baba, kwa pamoja, tangu saa mbili asubuhi, na sasa ni saa tisa.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini siwezi kulieleza bila kwanza kueleza lile jingine.

Unakumbuka tulivyoanza. Injini ya kusaga ilikuwa na pipa lake la maji, na ile ya kukoboa, uliyoinunua baadaye, ikawa na lake. Ikifika saa sita maji yanachemka mapipani, inabidi tumwage ya moto tuchote mengine kisimani, ndoo baada ya ndoo. Na maji yetu yana chokaa, kila mwezi tunakwangua ukoko mweupe ndani ya injini. Ukasema basi, tutajenga tangi moja la saruji, tutafuta rejeta ya lori, tutaweka pampu ndogo ya kuzungushwa na mkanda wa injini, na maji yatazunguka yenyewe: yatoke tangini, yapite kwenye injini, yapoe kwenye rejeta, yarudi tangini. Hakuna kuchota tena. Ulichora kwa mkaa ukutani, kisha ukanunua daftari la shule ukachora vizuri. Sijapata kukuona na furaha kama siku zile. Hata chai ulikuwa ukiisahau ikapoa.

Tukagombana juu ya bomba moja. Wewe ulichora maji yapite injini ya kwanza, kisha hayohayo yaingie ya pili. Nikakwambia, "Baba, ya pili itakuwa inaoga maji ambayo ya kwanza imeshaogea. Tuyagawe tangu mwanzo, kila moja ipate ya baridi." Ukanijibu, "Maji ni kama mtu mvivu. Ukimpa njia mbili atapita ile nyepesi, nyingine ataiacha." Tukabishana wiki tatu. Wateja walikuwa wakicheka. Mwisho ukasema kinu ni chako, na mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa ile wanawake walijaa mpaka barabarani. Pipa la injini ya kukoboa likaanza kutoa mvuke. Ukanitazama, maana kuchota ilikuwa kazi yangu. Nikasema, "Mimi sichoti tena mpaka tukubaliane juu ya lile bomba." Nilisema polepole, hakuna aliyesikia ila wewe. Hukunikaripia. Ulichukua ndoo mbili ukaenda mwenyewe. Nilihesabu safari zako nikiwa nimesimama mlangoni nimekunja mikono. Ya tano hukurudi.

Daktari alisema ni presha, kwamba ingeweza kukukuta kitandani au shambani. Nilimsikia. Lakini ilikukuta kisimani, na ndoo ilikuwa yangu.

Siku zote za hanga watu walinisifu, wakisema Kadzo ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa babake. Nilikuwa napika, nakaribisha wageni, nawaambia asante.

Lilipokwisha, Karisa akaniita chini ya kibaraza. Hakusema kwa ubaya. "Tuuze, dada. Wanasema umeme utafika Gede kabla ya miaka ya themanini kwisha. Nani atazitaka injini hizi siku hiyo? Na wewe utazishughulikia mwenyewe mpaka lini?" Nikamwambia anipe mpaka masika yaishe. Hakuniuliza kwa nini, na mimi sikumwambia kwamba nilikuwa nataka kujenga ile michoro yako kama ulivyoichora, bila kubadilisha hata kiungo. Niliona hiyo ndiyo adabu niliyobaki nayo.

Kwa hiyo nikajenga. Tangi alilimimina jirani yetu mwashi, mimi nikimkorogea. Nikaweka mifereji kwenye mabati ili tangi lijae maji ya mvua, yasiyo na chokaa. Hilo lilikuwa wazo lako na ni zuri kuliko yote. Rejeta niliipata Malindi, kule Barani, kwa Mutiso, yule Mkamba anayechomelea vyuma, uliyekuwa ukimwita mwizi mwaminifu. Alipoona daftari lako aliligeuza akaliangalia kwa muda, akasema, "Huyu mzee alikuwa na mkono msafi." Akakata mabomba kwa vipimo vyako. Hakuna hata moja lililokuwa fupi.

Tukawasha mwezi wa tano. Kwanza hewa ilikwama ndani, pampu ikawa inazunguka bure. Nikalegeza nati ya juu ya rejeta kama ulivyoandika pembeni mwa ukurasa, ikapiga mapovu, ikatema, kisha maji yakaja matupu. Nikafunga. Nilifurahi. Saa moja baadaye injini ya pili ikachemka.

Nikazima. Nikasubiri ipoe, nikawasha tena, ikachemka tena. Kwa siku nne nilikuwa nikiwasha moja kwa zamu, na bado nakataa kukata bomba lako. Wateja wa kukoboa wakaanza kwenda kwingine. Siku ya nne mwanamke mmoja wa Dabaso, mama mtu mzima, aliteremsha mpunga wake kichwani akaniuliza, "Mwanangu, mashine ni mbovu ama kuna jambo?"

Basi nikalikata, Baba. Nilifanya kwa msumeno wako, na nikajikwaruza. Mutiso akachomelea kiungo cha njia tatu, maji yakagawanyika kama nilivyotaka tangu mwanzo. Tukawasha. Nikagusa bomba la kutokea la injini ya kwanza, ni la vuguvugu. Nikagusa la pili, nikautoa mkono upesi. Maji yalikuwa yamepita kule kwepesi, na kule kwingine yakaenda machache. Kama ulivyosema. Neno kwa neno.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka, kisha nikalia, Mutiso akatoka nje akajifanya anatafuta nyundo.

Wewe ulikuwa sahihi nusu, na mimi nusu, na hatukupeana nafasi ya kuziunganisha. Kama maji ni mvivu, basi ile njia nyepesi ifanywe nzito. Tukatia koki kwenye kila njia. Ile ya injini ya kwanza nikaibana robo, nikangoja, nikagusa. Nikaibana kidogo tena, nikangoja. Mchana mzima niliutumia hivyo, kiganja kikitoka bomba hili kwenda lile. Kabla ya jua kutua sikuweza tena kutofautisha lipi ni lipi.

Wiki hiyo ndiyo nilimwambia Mama. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamweleza yote, maneno niliyokwambia, mikono niliyoikunja. Aliendelea kupepeta. Akasema, "Babako alikuwa akichota maji kabla wewe hujazaliwa. Angekuwa mtu wa kutumwa na mtoto wake, mimi ningejua." Nikadhani amemaliza. Akaokota chenga moja akaitupa, akasema bila kuniangalia, "Lakini ungemchotea, mwanangu."

Nilimsaidia kumaliza mchele. Tangu siku hiyo tunakula sahani moja tena, jambo tuliloliacha tangu hanga, na hakuna aliyekuwa amesema ni kwa nini tuliacha.

Kwa hiyo nakuomba radhi kuhusu maji yale. Kuhusu bomba sikuombi, na nadhani na wewe usingetaka nikuombe.

Kinu hakiuzwi. Karisa alikuja akakiona, akazunguka tangi mara mbili, akaweka mkono kwenye mabomba kama daktari. Yeye mwenyewe akasema tungoje umeme ufike kwanza, ndipo tujue la kufanya. Kisha akaniambia kwamba tangi liko chini mno, kwamba lingeinuliwa hatua mbili, maji yangeshuka yenyewe na pampu isingechoka. Mpishi, Baba. Mtu ambaye hajapata kushika spana ila kufungua mtungi wa gesi. Nilitaka kumwambia kinu ni changu na mazungumzo yamekwisha. Maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Nikayameza. Nikachukua kamba nikaenda kupima, naye akashika upande wa pili. Sijui bado kama amesema kweli. Naona kuna jambo hakulifikiria, kuhusu rejeta, lakini huenda ni kiburi kinachoniambia hivyo.

Sasa wanaita huko nje, kuna mahindi yameshushwa. Wacha niende. Pumzika kwa amani, Baba. Jumamosi nitafunga kinu mapema, nitaazima mapipa na mbao, tuyainue mapipa badala ya tangi, tujaribu hilo wazo la Karisa. Likishindwa nitamwambia. Na likifaulu, nakuahidi, nitamwambia siku hiyohiyo.

Mwanao,
Kadzo