Daktari wa Macho Hajui Kuhusu Titi Langu

Bi Saynab mpendwa, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, nakaa Iftin, Garissa, shule niliacha darasa la sita kwa hivyo makosa unisamehe. Naomba unisaidie kwa sababu jambo hili sijui nimpelekee nani. Miaka miwili iliyopita nikimnyonyesha mtoto wangu Ridwan niliona uvimbe kwenye titi la kushoto, mume wangu akanipeleka Nairobi, wakasema ni saratani, wakalikata titi lote, nikapona alhamdulillahi, lakini tukirudi mume wangu akasema tuwaambie watu nilienda kumsalimia dada yangu, kwa sababu kwetu ugonjwa huo hautajwi, ukiutaja ni kama umeuita, na mpaka leo anayejua ni yeye na mama yangu mzazi tu.

Sasa tangu mwezi wa nane jicho la kulia limeingia kama moshi, mlango nauona umepinda, nikimtazama Ridwan naona kidevu lakini macho yake siyaoni. Daktari wa macho anayekuja hapa mara moja kwa mwezi alinimulika akasema nyuma ya jicho kuna doa jeupe, pengine ni wadudu. Nilienda na shemeji yangu Salah kwa sababu mume wangu yuko Hulugho na mifugo. Daktari akauliza, "Mama, umewahi kuugua ugonjwa mkubwa, au kupasuliwa?" Kabla sijafungua mdomo Salah akasema, "Huyu? Huyu ni ngamia, daktari, hajui hata homa." Wakacheka, na mimi walaahi nikacheka. Ningetajaje titi mbele ya shemeji? Nikapewa vidonge vya wadudu, hii ni wiki ya tatu na moshi umezidi. Mama mkwe anataka nichomwe kwa chuma cha moto pembeni ya jicho, anasema yeye alichomwa akapona. Mimi bado nina tumaini, labda dawa zinachelewa tu. Je, ningoje daktari arudi mwisho wa mwezi? Na titi lina uhusiano gani na jicho?

Mama Ridwan

Mama Ridwan, majina nimeyabadilisha, tulia. Pole sana, mwanangu. Sasa nikugombeze kidogo. Daktari alimtibu mgonjwa aliyeelezwa na Salah, na mgonjwa huyo si wewe.

Uhusiano upo. Saratani ya titi huweza kusafiri na damu hadi nyuma ya jicho, hata miaka baadaye, na doa lake likafanana na la wadudu. Mimi silioni jicho lako, huenda ni wadudu kweli. Lakini asiyejua habari ya titi hatatafuta kitu kingine.

Kungoja mwisho wa mwezi, hapana. Chuma, hapana kabisa. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba Saynab wa gazetini amekataza, lawama nibebe mimi. Kesho asubuhi nenda hospitali na mama yako mzazi. Salah akitaka kuwasindikiza, akae nje kwenye benchi na ngamia wake. Beba karatasi ulizopewa Nairobi, najua mmezificha mahali. Omba muuguzi mwanamke, umweleze yote, wakuandikie barua ya kurudi kule ulikopasuliwa. Mtumie mume wako habari kwa gari la kwanza la Hulugho; siri aliianzisha yeye, aje aifungue.

Na tumaini usilitupe. Hata kama ugonjwa umerudi, zipo dawa, ipo mionzi, na jicho linaweza kusaidiwa likiwahiwa. Saratani haingoji kuitwa ndipo ije, wala haiondoki kwa kunyamaziwa.

Ukifika pale ulimi ukagoma, usirudi nyumbani. Mimi hunijui, na umeniandikia kwa mkono wako kwamba ilikuwa saratani na titi lilikatwa lote. Andika hayo tu kwenye kipande cha karatasi, mpe muuguzi, kisha kaa hapo hapo mpaka amalize kusoma.