Sakafu ya Majani ya Mgomba

Ugonile, mjukuu wangu Atupele? Huku Ikuti mvua haikatiki, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza kama lile gari la babu yako, jipu lake, likiwekwa bodi mpya litabaki lile lile. Siku ya harusi yetu alitandika majani ya mgomba sakafuni mwa gari nisichafue gauni, kama alivyozoea akibeba ndizi. Kumbe unyevu wa majani ulishaiozesha sakafu kwa kutu. Karibu na Masoko majani yakadondoka, nikaona barabara ikipita chini ya miguu yangu kama mto, ukungu ukinipanda magotini. Babu yako aliona haya. Mimi nilitamani tusifike.

Alipoweka bodi mpya nilinuna juma zima. Ndiyo hiyo hiyo unayoililia leo.

Mwambie fundi aanze.

Bibi yako